Cheti na Hati: Kisa cha Walioanguka wa Karthago, 250 hadi 258

Tarehe 26 Juni mwaka 250, mzee mmoja wa Misri aitwaye Aurelius Diogenes, mwenye umri wa miaka 72 na kovu kwenye nyusi ya kulia, alipeleka karatasi ya mafunjo kwa wajumbe waliochaguliwa kusimamia dhabihu kijijini kwake. Karatasi hiyo ilisema kwamba siku zote amekuwa akiitolea miungu dhabihu, na kwamba sasa, mbele ya macho yao na kwa kuitii amri, ametoa dhabihu, amemimina kinywaji na ameonja vilivyotolewa. Mwishoni aliwaomba wathibitishe kwa maandishi. Kovu lilitajwa kwa sababu ileile inayofanya vitambulisho vya leo vibebe picha: asije mtu mwingine akakitumia cheti chake. Wasomi walikichapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1893, na tangu hapo vimepatikana vingine katika mchanga wa Misri, hata sasa vinavyojulikana ni zaidi ya 40.

Ninaanza na karatasi hiyo kwa sababu kisa ninachotaka kukichambua kilizaliwa na vyeti kama hivyo. Kaisari Decius, aliyeshika utawala mwaka 249, aliwaamuru wakazi wote wa dola ya Roma waitolee miungu dhabihu. Hakulazimika kuwataja Wakristo kwa jina, maana agizo lenyewe lilitosha kuwafichua. Fabiano, askofu wa Roma, alikufa kwa ajili ya imani tarehe 20 Januari 250. Huko Karthago, mji mkuu wa Afrika ya Kirumi, karibu na Tunis ya leo, kanisa lilikuwa limekaa kwa amani karibu kizazi kizima, na askofu wake, Sipriani, alikuwa mwongofu wa miaka michache tu aliyewekwa wakfu muda mfupi kabla ya dhoruba hiyo kuanza.

Usharika ule ulianguka, na ulianguka upesi. Sipriani mwenyewe aliandika kwamba waamini walio wengi waliikana imani kwa vitisho vya kwanza tu, kabla ya mtu yeyote kukamatwa. Wengine walikwenda sokoni mbio kwa hiari yao ili watoe dhabihu, na jua lilipokuchwa na mahakimu wakawaambia warudi kesho, walisihi wasicheleweshwe. Kulikuwa na waliochinja na kula nyama ya dhabihu, waliofukiza chembe chache za ubani juu ya makaa, na waliotoa rushwa wakapewa cheti kinachosema wametoa dhabihu ilhali hawakutoa. Hawa wa mwisho walijiona salama kwa kuwa mikono yao haikugusa madhabahu, ila majina yao yalikuwa yameandikwa.

Katika makanisa yetu ya Afrika Mashariki, tukisema fulani ameanguka, mara nyingi tunamaanisha binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, mzee wa kanisa aliyeoa mke wa pili, au mhazini aliyeshindwa kutoa hesabu. Katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania mtu huyo husimamishwa asishiriki Meza ya Bwana, na siku atakapopokelewa tena tunasema amerudi kundini. Neno hilo ni zuri kuliko namna tunavyolitumia mara nyingine. Watu wa Karthago walihitaji kitu hichohicho, ila kosa lao lilikuwa zito kuliko hayo yote, kwa kuwa Bwana alisema wazi kwamba atakayemkana mbele ya watu naye atakanwa mbele ya Baba. Yeyote anayetaka kuzungumza juu ya nafasi ya pili asilikwepe neno hilo. Na asilisahau lile alilomwambia Petro usiku wa kukamatwa kwake, kwamba amemwombea imani yake isitindike, na kwamba atakapoongoka awaimarishe ndugu zake. Kanisa la Karthago lililazimika kuyashika maneno yote mawili kwa wakati mmoja, na kwa muda mrefu halikujua jinsi ya kuyashika.

Sipriani alikuwa mafichoni. Aliondoka mjini mapema mwaka 250 na hakurudi hadi baada ya Pasaka ya mwaka 251, akiliongoza kanisa lake kwa barua. Makasisi wa Roma, ambao askofu wao alikuwa ameuawa, waliandika barua iliyomgusa kwa kutaja mchungaji wa mshahara anayewaacha kondoo mbwa mwitu ajapo. Alijitetea kwamba umati ulikuwa ukipiga kelele atupiwe simba, na kwamba kuwepo kwake kungezidisha ghasia. Naukubali utetezi huo kwa sehemu kubwa, lakini naomba msomaji aukumbuke, kwa sababu mtu aliyepaswa kuamua nani arudishwe alikuwa mwenyewe ameukimbia moto uliowaunguza wenzake.

Huko magerezani walikuwamo waungamadini, yaani wale waliokamatwa, wakaulizwa, wakasema kwamba wao ni Wakristo. Wengi walikufa kwa njaa, kiu na joto la vyumba vilivyofungwa. Walioanguka walianza kuwaendea wakiomba hati za amani, yaani barua za kuwaombea wapokelewe tena kanisani, wakitumaini kwamba sifa ya aliyeteseka itamsaidia aliyeshindwa. Mmoja wa waungamadini, Paulo, kabla hajafa alimwachia mwenzake Lusiano agizo kwamba mtu yeyote atakayeomba amani baada yake apewe kwa jina lake. Lusiano alitoa hati hizo kwa wingi. Wapo wanaomlaumu. Mimi, kila nikimfikiria mtu aliyetiwa gerezani na kunyimwa chakula akitumia nguvu zake za mwisho kuwaombea wale waliokula nyama ya miungu ili waepuke gereza hilohilo, sina moyo wa kumlaumu.

Barua iliyomfikia Lusiano kutoka Roma inaonyesha mambo hayo yalivyokuwa ndani ya familia. Iliandikwa na Celerinus, kijana aliyefungwa siku 19 katika pingu na hakuikana imani. Alikuwa akilia kwa ajili ya dada zake walioanguka, na sikukuu ya Pasaka, ambayo Wakristo wote huifurahia, yeye aliipitisha kwa machozi usiku na mchana. Alieleza kwamba mmoja wao alipanda kuelekea mahali pa dhabihu, akafika njiani, akageuka akashuka, kisha akatoa fedha ili asilazimishwe. Tena alieleza kwamba dada hao walishuka bandarini kuwapokea waungamadini waliofika kutoka Karthago, na kwamba walikuwa wakiwahudumia watu 65 kwa kila walichohitaji. Kwa ushuhuda huo kaka yao alitaka wasamehewe. Katika maandishi yote ya kisa hiki, hakuna picha inayonikaa moyoni kama hiyo ya wanawake waliotengwa na meza wakibeba chakula kwenda kwa wale walioweza kusema neno ambalo wao lilikwama kooni.

Tatizo la hati lilikuwa jinsi zilivyoandikwa. Baadhi zilisema tu kwamba fulani ashiriki pamoja na watu wake, bila kuwataja watu hao. Sipriani alionya kwamba kwa maneno hayo watu 20, 30 au zaidi wangeweza kuletwa mbele ya kanisa wakidai kuwa ndugu, wakwe, watumwa walioachwa huru au watumishi wa yule aliyeandikwa, na hakuna hata mmoja ambaye angekuwa ameungama chochote. Kuna makasisi waliowapokea watu wa namna hiyo mara moja, bila toba na bila kuwekewa mikono. Kwa hili nadhani Sipriani alikuwa na haki. Msamaha unaotolewa kwa mtu asiyejulikana uso wala jina humwacha peke yake na kosa lake, kwa kuwa hakuna aliyemsikiliza. Cheti cha serikali kilitaja angalau kovu la mtu. Hati ya kanisa haikutaja hata jina lake.

Lakini jibu la kwanza la Sipriani nalo lilikuwa na kasoro. Aliwataka walioanguka wasubiri hadi amani irejee na maaskofu waweze kukutana. Majira ya joto yalipoanza, ambayo kule huja na magonjwa mengi, alilegeza kidogo: mwenye hati aliye hatarini kufa aliweza kuungama kwa kasisi, na kasisi asipopatikana, hata kwa shemasi, awekewe mikono na aende kwa Bwana na amani. Huo ulikuwa uamuzi wa mchungaji. Kwa wale waliokuwa na afya na haraka, aliandika kwamba vita bado vinapiganwa kila siku, na kwamba asiyeweza kungoja anaweza kwenda kuikiri imani akapata taji. Neno hilo lilikuwa kweli kwa namna fulani. Lilikuwa pia gumu mno kutoka katika kalamu ya mtu aliyejificha.

Hata hivyo, wako waliofanya hivyo. Caldonius, askofu wa Afrika, alimwandikia Sipriani juu ya watu waliotoa dhabihu, kisha wakajaribiwa mara ya pili na safari hii wakasimama imara, wakapoteza mali zao na kupelekwa uhamishoni. Aliwataja Felix, mkewe Victoria, na Lucius. Pamoja nao aliandika juu ya mwanamke aitwaye Bona, ambaye mumewe mwenyewe alimburuta hadi kwenye dhabihu. Watu walimshika mikono wakaitumia kutoa dhabihu, naye akawapigia kelele, akisema kwamba si yeye aliyefanya, wao ndio waliofanya. Kwa kelele hiyo naye alihamishwa. Caldonius aliona kwamba watu hao wamekwisha kuliosha kosa lao, lakini aliomba ushauri asije akaonekana kutenda kwa pupa. Sipriani alikubaliana naye bila kusita, akatamani wengine wote wawe kama wao.

Ukiisoma barua hiyo kwa makini unaona ugumu ambao sheria moja isingeweza kuutatua. Bona amewekwa kundi moja na Felix, ilhali Felix aliwahi kutoa dhabihu na Bona mikono yake iliibwa. Kwenye orodha ya wajumbe wa serikali wote wawili wangesomeka vilevile, kwamba wametoa dhabihu. Orodha huandika kilichotendwa na mikono, na kanisa lisilotaka kusikiliza zaidi ya orodha lingemhukumu mwanamke kwa kosa la mumewe.

Maaskofu wa Afrika walikutana Karthago baada ya Pasaka ya mwaka 251, wakayajadili Maandiko ya pande zote mbili kwa muda mrefu. Uamuzi wao tunaujua hasa kutokana na barua ndefu ambayo Sipriani alimwandikia askofu mwenzake, Antoniano, aliyekuwa ameanza kuyumba. Waliamua kwamba mlango usifungwe kabisa, kwa kuwa aliyekata tamaa angeweza kuurudia ulimwengu na kuishi kama mpagani, na kwamba usifunguliwe ovyo. Toba iwe ya muda mrefu, na ichunguzwe kesi ya kila mtu mmoja mmoja: sababu zake, nia yake na shida iliyombana. Wenye vyeti vya kununua wangeweza kupokelewa baada ya kuchunguzwa. Waliotoa dhabihu wangeendelea na toba na kupewa amani wanapokaribia kufa.

Katika barua hiyo Sipriani si yule wa mwaka uliotangulia. Anauliza kama ni haki kumfananisha aliyeruka kwenda kwenye dhabihu tangu siku ya kwanza na yule aliyepambana muda mrefu hadi akaifikia kwa kulazimishwa. Anauliza juu ya mtu aliyejipeleka pamoja na nyumba yake yote, na juu ya mwingine aliyekwenda peke yake kwa niaba ya wote, akaikinga nyumba yake, mke na watoto, kwa kuihatarisha nafsi yake. Mmoja aliwasukuma wapangaji na rafiki zake watende uovu. Mwingine aliwaepusha wapangaji na wakulima wake, na akawapokea nyumbani ndugu waliokuwa wakikimbia. Anawaelewa hata wenye vyeti: kuna aliyedhani kwamba kulipa fedha ili asiguse madhabahu ni njia halali ya kuepuka dhambi, na alipofundishwa kwamba hata hilo halikupaswa kufanyika, alilia. Maswali haya yaliwezekana kwa sababu Sipriani alikuwa amerudi mjini. Mafichoni alikuwa na idadi na fununu. Karthago alikutana na mtu mwenyewe, na mtu huyo alikuwa na watoto watatu nyuma ya mlango.

Sharika zetu zimerithi nidhamu ya kanisa, lakini sehemu hii ya nidhamu mara nyingi imepotea njiani. Binti anasimamishwa, na mwanamume aliyempa mimba anaendelea kuimba kwaya. Mtu anakaa benchi la nyuma miaka miwili bila mchungaji kubisha hodi kwake, halafu siku ya kurudi kundini anaitwa mbele, anaulizwa maswali yaliyoandikwa, anajibu yaliyoandikwa. Mahali pengine, hasa kunakopendwa mikutano mikubwa, mtu aliyeanguka jana leo anapewa kipaza sauti atoe ushuhuda, akiwa hajapata hata siku moja ya kulia. Njia hizi mbili zinaonekana kupingana, ila zote zinamnyima mtu kitu kilekile: hakuna aliyekaa naye chini kumuuliza kilichotokea.

Wakati huohuo Roma ilipasuka. Kasisi Novatiani, mtu msomi sana, alipinga kuchaguliwa kwa Kornelio kuwa askofu mwezi Machi 251, akajiwekea kanisa lake lililokataa kuwapokea walioanguka hata mwisho wa maisha. Hakusema kwamba Mungu hawezi kuwasamehe; alisema watubu, wamwachie Mungu, na kanisa lisithubutu. Jumuiya zake ziliendelea kwa karne kadhaa, na Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulilazimika kuweka kanuni ya kuwapokea makasisi wake. Sipriani alimjibu kwamba ni kazi bure kumwambia mkulima alime huku ukimhakikishia kwamba hatavuna kitu.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja kati ya mwaka 252 na 253. Dalili za mateso mapya zilionekana chini ya Kaisari Gallus, na maaskofu 42 wa Afrika walikutana wakatengua sehemu ya uamuzi wao wenyewe. Walioanguka ambao hawakuliacha kanisa, waliokuwa katika toba tangu siku ile, wapewe amani mara moja, wakiwa hai na wenye nguvu. Sababu waliyoitoa ndiyo moyo wa kisa hiki. Waliuliza watawezaje kuwafundisha watu kumwaga damu yao kwa ajili ya Kristo ikiwa wanawanyima damu ya Kristo wanapokwenda vitani, na watawezaje kuwaandaa kwa kikombe cha mauti ikiwa hawawaruhusu kwanza kunywa kikombe cha Bwana kanisani.

Mantiki yao imegeuka kabisa. Mwaka 250 Sipriani alikuwa amesema, shindana kwanza, ndipo utapokelewa. Sasa yeye na wenzake wanasema kwamba mtu hawezi kushindana akiwa na njaa. Ushirika ambao awali ulikuwa zawadi ya aliyethibitisha uaminifu wake umekuwa chakula cha yule ambaye uaminifu wake bado haujajaribiwa tena. Naamini hapo kanisa la Karthago liligusa neema yenyewe, na lilichukua miaka zaidi ya miwili kufika. Naona pia kwamba hawakufika kwa kulegeza toba. Waliorudishwa walikuwa wametubu siku zote hizo, na makaburi ya waliokufa gerezani yalikuwa mbele ya macho ya wote.

Kipindi hichohicho maaskofu waliokutana Capsa, mji ambao leo unaitwa Gafsa, waliuliza juu ya ndugu watatu: Ninus, Clementianus na Florus. Hao walikamatwa, wakaikiri imani, wakayashinda mateso ya mahakimu na ghasia za umati. Baadaye liwali aliwatesa tena, kwa ukali na kwa muda mrefu, hadi wakashindwa. Walikuwa wamekaa katika toba miaka mitatu. Sipriani alijibu kwamba kwa maoni yake miaka mitatu ya kilio yatosha kwa watu ambao mwili wao ndio uliochoka wakati nia ilikuwa bado imesimama, na kwamba ni afadhali wapewe silaha kwa pambano lijalo. Hakutaka kuamua peke yake. Maaskofu walikuwa wametawanyika makwao kwa ajili ya Pasaka, kwa hiyo aliahidi kulipeleka jambo hilo kwao watakapokusanyika.

Pambano la Sipriani mwenyewe lilikuja mwaka 258, chini ya Kaisari Valeriani. Alikuwa amepelekwa uhamishoni mwaka uliotangulia, na sasa hakukimbia. Alipoelezwa kwamba askari wanataka kumpeleka mji mwingine akauawe huko, alijitenga kwa siku chache tu hadi liwali arudi Karthago, kwa kuwa Sipriani alitaka askofu aikiri imani mbele ya watu wake. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba usharika ulikesha barabarani nje ya nyumba alimozuiliwa. Hukumu iliposomwa, umati ulipaza sauti, ukisema nao wakatwe vichwa pamoja naye. Ulikuwa usharika uleule ambao miaka minane kabla ulikwenda mbio sokoni na kusihi usiahirishwe hadi kesho. Walimfuata hadi kiwanjani, wengine wakapanda miti wapate kumwona. Aliagiza mkata kichwa apewe sarafu 25 za dhahabu, akajifunga macho kwa mikono yake, na ndugu wakatandika vitambaa na leso zao juu ya ardhi mbele yake.